Jibu: Wimbo wa kantri wa harusi ya ghafla

Ndugu, umeuliza kama wimbo wa kantri kuhusu harusi ya ghafla utaaminika hapa Nairobi, ilhali sheria inataka notisi ya siku 21. Utaaminika kabisa! Leseni maalum ya kufupisha kungoja huko ipo, wape wapenzi wa wimbo wako hiyo. Johnny Cash, nyota wa kantri wa Marekani, alimposa mwimbaji mwenzake June Carter jukwaani Februari 1968, na tarehe 1 Machi wakaoana. Kasi ndiyo hiyo. Ubeti wa kwanza uanze na bodaboda ikielekea Sheria House, kwenye ofisi ya msajili wa ndoa, bibi harusi amekunja gauni mapajani lisinaswe na gurudumu, mashahidi wamekwama kwenye matatu nyuma. Gitaa likimbie, fidla iitikie. Wajomba na mahari waingie ubeti wa pili. Tafadhali usiwaruke, mashabiki wa kantri hapa kwetu hupenda hadithi kamili.