Pedali bapa au pedali za klipu? Majibu kwa waendeshaji wa baiskeli za milimani

Barua zilizonifikia kutoka Nakuru, Kisumu na kwingineko magharibi zimeuliza jambo moja kwa njia nyingi: mwendeshaji wa baiskeli ya milimani afunge pedali bapa au pedali za klipu? Kwa wanaoanza, pedali bapa ni ile pana isiyoushika mguu kwa kitu kingine ila pini fupi za chuma zinazouma soli. Pedali ya klipu ina mtambo mdogo wa springi unaonasa kliti, yaani kipande cha chuma kinachofungwa kwa skrubu mbili chini ya kiatu maalumu. Mtu hujinasa kwa kukanyaga mbele kisha chini, na hujinasua kwa kuzungusha kisigino upande wa nje.

Nimenunua baiskeli ya milimani ya mitumba na nataka kuanza kupanda Menengai wikendi. Ilikuja na pedali za plastiki, na mguu wangu huteleza kila mara. Wenzangu wote wana klipu. Ninunue klipu moja kwa moja? (Msomaji, Section 58, Nakuru)

Usinunue klipu bado, ila hizo za plastiki zitoe. Kinachokutelezesha si ubapa wa pedali bali ni plastiki isiyo na pini, na pengine kiatu chenye soli ngumu. Pedali bapa nzuri huwa na mwili wa alumini au nailoni ngumu, upana wa takriban milimita 100, na pini za chuma zinazoweza kufunguliwa na kubadilishwa moja moja zinapovunjika. Ukizikanyaga kwa kiatu chenye soli tambarare ya mpira laini, utalazimika kuuinua mguu kwanza ndipo uweze kuusogeza.

Mlima uliouchagua unaunga mkono ushauri huu. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Menengai hufika mita 2,278, kwa hiyo una zaidi ya mita 400 za kupanda, na mahali penye changarawe na vumbi la volkano gurudumu la nyuma huzunguka bila kushika ardhi. Mtu asiyezoea njia kama hizo husimama mara nyingi katikati ya mwinuko. Mwenye klipu anaposimama lazima ajinasue kabla baiskeli haijaishiwa mwendo, na anapoondoka tena lazima aunase mguu wa pili huku wa kwanza ukisukuma peke yake. Akichelewa kidogo huanguka kwa ubavu, mahali ambapo mwenye pedali bapa angeshusha mguu tu na kupumua.

Sababu ninayoithamini zaidi, hata hivyo, ni kwamba pedali bapa humfundisha mtu kutumia miguu yake. Unapoteremka kwenye mawe, lazima ushushe visigino ili uzito wa mwili uikandamize pedali, la sivyo mguu hurushwa. Unapotaka kuinua gurudumu la nyuma kuvuka mzizi au mtaro, lazima uelekeze vidole chini na kuisukuma pedali nyuma kwa wayo huku ukijikunyata kwenda juu pamoja na baiskeli. Aliyeanza na klipu huivuta tu baiskeli kwa miguu iliyonaswa, na kasoro hiyo haionekani mpaka kliti ichomoke siku moja katikati ya mruko. Tena, usidhani kwamba pedali bapa ni za wanagenzi peke yao: Sam Hill wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kuteremka mwaka 2007 na tena 2010, kisha akatwaa taji la jumla la Enduro World Series, msururu wa mbio za kimataifa za baiskeli za milimani, mara tatu mfululizo kuanzia 2017 hadi 2019, na zote hizo alizishinda akiwa juu ya pedali bapa.

Klipu zina wakati wake. Katika mbio za nyika za baiskeli za Olimpiki, ambako mtu hukanyaga kwa nguvu zake zote kwa zaidi ya saa moja, utaona klipu karibu kila mahali, na Nino Schurter wa Uswisi alishinda dhahabu ya Rio mwaka 2016 akizitumia. Utakapoweza kupanda hadi ukingoni bila kushusha mguu, na uone kwamba kinachokurudisha nyuma ni miguu kurukaruka juu ya pedali kwenye sehemu za kasi, hapo ulize tena.

Je, ni kweli kwamba klipu huongeza nguvu mlimani kwa sababu unaweza pia kuivuta pedali juu? (Msomaji, Kericho)

Si kweli kwa jinsi inavyosimuliwa. Mwaka 2007 mtafiti Thomas Korff na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima waendeshaji 8 waliokanyaga kwa namna nne: kwa mtindo wao wa kawaida, kwa kusisitiza mzunguko, kwa kusisitiza kusukuma chini, na kwa kusisitiza kuvuta juu. Waliposisitiza kuvuta, nguvu nyingi zaidi ilielekea kule inakotakiwa, lakini mwili ulitumia nishati zaidi kwa kazi ileile. Misuli inayoinua mguu haikuumbwa kwa kazi ya kusukuma gari la namna hii kwa saa nyingi, na mwendeshaji mzoefu anapopanda kwa mwendo wake wa kawaida huuondolea tu mguu unaopanda uzito wake, bila kuuvuta.

Faida ya klipu ipo, nayo ni nyingine. Mguu hukaa mahali palepale kila mzunguko, hautelezi unapokanyaga harakaraka juu ya mashimo, na akili haina haja ya kuufikiria. Katika mchomoko mfupi wa nguvu zote, kama ule wa kumalizia mbio, kuvuta pia husaidia. Lakini kwa mwinuko mrefu kama wa Nandi Hills, unaopandwa kwa utulivu, mapafu na gia zako zitaamua mambo mengi kabla ya pedali.

Huku kwetu mvua ikinyesha njia zote huwa matope. Nimeambiwa klipu huziba. Je, kuna klipu zinazostahimili? (Msomaji, Kajulu, Kisumu)

Matope si ya aina moja. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano ukilowa hushikamana na kila kitu: hujaza nafasi kati ya tairi na fremu, hufunika breki, na kuizidisha baiskeli uzito hadi ibebwe begani. Hapo hakuna pedali itakayokuokoa, na kwa maoni yangu afadhali uache njia hizo zikauke kuliko kuzichimba kwa magurudumu na kuwaharibia wanaozitembea kila siku. Udongo mwekundu wa Vihiga na Kakamega ndio unaoleta swali la pedali hasa, kwa sababu huteleza lakini hupitika.

Pedali za klipu hutofautiana sana katika matope. Muundo wa SPD wa kampuni ya Shimano, uliotoka mwaka 1990 na ambao ndio ulioenea zaidi, una mtambo uliobanana, na udongo ukiganda kati ya kliti na springi huenda usisikie ule mlio wa kunasa. Eggbeater za Crank Brothers zina mabawa manne yaliyo wazi, kwa hiyo unaweza kuingia kwa pande nne na matope hupata pa kutokea. Time ATAC nazo zinasifika kwa jambo hilohilo. Kabla ya kutumia pesa, hata hivyo, tazama soli ya kiatu chako, kwa maana mara nyingi anayelaumu pedali huwa na meno ya mpira yaliyo karibu mno na kliti, yanayoizuia kushuka sawasawa. Yapunguze kidogo kwa kisu. Gonga pedali kwa soli kabla ya kujaribu kunasa, na nyumbani osha springi, zikaushe, uzitie mafuta mepesi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kushindwa kutoka. Kokoto ndogo ikijipenyeza kando ya kliti inaweza kuukaza mguu wakati unapouhitaji, na hutaligundua hilo mpaka uwe tayari unaegemea upande. Kwa hiyo, kwa njia za magharibi katika mvua za Machi hadi Mei, mimi nachagua pedali bapa zenye pini ndefu, nikijua kwamba nazo huteleza kiatu kikijaa udongo na kwamba soli tambarare ni mbaya ukishuka kusukuma baiskeli mlimani. Soli yenye michirizi ya kina kidogo kwenye ncha na kisigino, na tambarare katikati, hupunguza tatizo hilo.

Nilijaribu klipu, nikashindwa kutoka, nikaanguka stejini mbele ya watu. Nifanyeje ili hofu iniishe? (Msomaji, Kakamega)

Legeza springi kwanza. Pedali nyingi za aina ya SPD zina skrubu ndogo nyuma ya mtambo, moja kwa kila upande, inayogeuzwa kwa ufunguo wa pembesita wa milimita 3; ilegeze hadi karibu na mwisho kwenye pande zote nne, maana kuna watu husahau upande wa pili wa pedali. Shimano pia hutengeneza kliti aina mbili: SH51, ambayo huachia kisigino kikizungushwa pembeni tu, na SH56, ambayo huachia kwa mielekeo mingi zaidi, hata kwa kuchomolewa juu. Anayeogopa aanze na SH56.

Kisha nenda kwenye nyasi za uwanja wa shule, si barabarani. Egemea mlingoti wa goli, unase na kunasua kila mguu mpaka kisigino kizunguke bila kuamriwa, ndipo uanze kuzunguka uwanja ukijinasua kila unapokaribia kona. Kosa linaloangusha wengi ni kuvuta mguu juu au kando kwa hofu, na kuvuta kwa namna hiyo hakuifungui SH51 hata kidogo. Chagua mguu mmoja wa kushusha siku zote, na uunasue mita kadhaa kabla ya kusimama. Barabarani penye bodaboda na matatu, uache umenasuliwa muda wote.

Tutakwenda Hell's Gate na tutakodi baiskeli langoni. Ninaweza kubeba pedali zangu za klipu nizifunge? (Msomaji, Naivasha)

Unaweza, kwa kuwa nyuzi za pedali nyingi ni inchi 9/16. Ni zile baiskeli ambazo mikono yote miwili ya pedali ni chuma kimoja kilichopindwa ndizo hutumia inchi 1/2, nazo hazitakubali. Beba spana ya 15 au ufunguo wa pembesita wa milimita 6 au 8, kulingana na pedali yako. Pedali ya kulia hukazwa kwa kuzungushwa kama skrubu ya kawaida, lakini ya kushoto imekatwa nyuzi kinyume na hukazwa kwa kuzungushwa kushoto. Anayeilazimisha vingine huharibu mkono wa pedali wa mwenyewe. Ianze kwa vidole, itie grisi, ndipo uikaze.

Hata hivyo mimi nisingezibeba. Barabara za mbuga ile ni za vumbi na hazina ufundi mkubwa, na kwenye korongo huachwa baiskeli na watu hushuka kwa miguu juu ya miamba laini, ambako kliti ya chuma ikigusa jiwe huteleza vibaya.

Kiatu gani kifae pedali bapa kwa mtu asiye na pesa za viatu maalumu? (Msomaji, Kondele, Kisumu)

Nenda kwenye mitumba ya Kibuye utafute viatu vya watelezaji wa ubao wa magurudumu, vyenye soli bapa ya mpira mmoja usio na meno makubwa. Ubonyeze kwa ukucha: mpira mzuri huacha alama na kurudi. Kikunje pia, kikijikunja kama kandambili, unyayo wako utachoka kwenye mteremko mrefu. Viatu vya mbio ndivyo vibaya kuliko vyote kwa kazi hii, kwa sababu povu lake nene hulemea upande na mifereji ya soli huziruka pini. Ikiwa huna pesa za kutosha kwa vyote viwili, nunua kiatu kabla ya pedali.

Ukikutana na pedali za klipu zilizotumika kwa bei ya chini, usizichukue bila kliti zake. Kliti za Shimano haziingii kwenye Crank Brothers wala Time, na viatu vya baiskeli za lami vyenye matundu matatu havipokei kliti za skrubu mbili.

Magoti yameanza kuuma tangu nihamie klipu. (Msomaji, Njoro)

Inaelekea kliti zimekaa vibaya. Keti juu ya meza, miguu ikining'inia, uangalie vidole vinaelekea wapi vyenyewe. Kliti ikuruhusu kukaa hivyohivyo. Iweke chini ya mfupa wa kidole gumba au nyuma yake kidogo, ukaze skrubu kwa ufunguo wa milimita 4, kisha uisogeze kidogo kidogo baada ya kila safari badala ya kubadilisha mengi kwa siku moja. Kagua pia kimo cha siti, kwa sababu soli na mtambo mpya vinaweza kuwa vimebadilisha umbali wa mguu na pedali. Maumivu yakiendelea, rudi kwenye pedali bapa na umwone daktari.

Je, pedali zenye upande mmoja bapa na mwingine klipu ni suluhisho? (Msomaji, Milimani, Kisumu)

Kwa anayekwenda kazini siku za wiki na kufanya safari ndefu Jumamosi, ndiyo. Kwa njia za mawe, hapana: itakubidi utazame chini kutafuta upande unaoutaka wakati macho yanahitajika mbele.

Binti yangu wa miaka 11 anaendesha vizuri na anataka klipu kama za baba yake. (Msomaji, Bungoma)

Mpe pedali bapa za nailoni zenye pini za nailoni, kwa kuwa pini za chuma hukata ngozi ya miundi mguu unapoteleza, na kwa mtoto mguu huteleza mara nyingi. Mguu wake bado unakua, na viatu vya klipu utavibadilisha kabla havijazeeka. Mnunulie vikinga-muundi vya kandanda. Vinatosha, na huvaliwa ndani ya soksi.