Fundi Gitaa Anajibu: Mwanya wa Kiunoni

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni seremala wa samani, natengeneza gitaa langu la kwanza. Mgongo na mbavu ni mninga, uso ni mbao ya sprusi niliyoletewa kutoka nje. Nimeamua kuzungushia ukingoni ukanda wa mpingo wenye unene wa milimita 2 na kimo cha milimita 6, na uzi mmoja mweupe wa mbao kati ya ukanda na uso. Mpingo nimeupata kwa wachongaji wa vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, ila vipande virefu kabisa ni sentimita 50. Sina mashine, kwa hiyo mfereji wa kulaza ukanda nimeuchonga kwa mahati ya wembe (kifaa cha kukatia mstari sambamba na ukingo) na patasi. Upande wa kwanza nilibandika kuanzia ncha mbili, mkiani na shingoni, nikamalizia kiunoni, pale gitaa linapobonyea katikati. Sasa kiunoni pana mwanya unaopitisha kadi ya simu, uso umenyofoka nyuzi sehemu mbili, na uzi mweupe umeingia weusi. Nianze upya? (Seremala, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usianze upya. Hilo gitaa linatengenezeka, na upande wa pili bado hujaugusa, kwa hiyo una nafasi nzuri ya kuufanya inavyotakiwa.

Watu wengi wakiona mwanya kiunoni huilaumu gundi. Mimi siilaumu. Gundi hushika pale mbao mbili zilipogusana. Zisipogusana, hata ukikamua chupa nzima haitazikutanisha. Mwanya wa kiunoni huanzia kwenye mfereji na kwenye bomba la moto la kupindia ukanda, siku nyingi kabla hujafungua gundi.

Tuanze na mfereji. Mahati huegemea ubavu wa gitaa wakati wembe unakata, kwa hiyo kila bonde na kila kinundu cha ubavuni kinahamia kwenye mfereji. Kabla ya kukata, zinyooshe mbavu kwa msasa uliobandikwa kwenye kipande cha mbao, si msasa wa kushika kwa vidole, mpaka ukisimamisha rula fupi ubavuni usione mwanga chini yake. Kiunoni pana shida ya ziada, maana ukingo pale umebonyea ndani. Kama kipande cha kuegemea cha mahati yako ni bapa na kirefu, kitagusa pande mbili na katikati kitakaa hewani. Wembe utakata karibu zaidi na nje, na mfereji utakuwa mwembamba mahali pale pale unapotaka uwe kamili. Lichonge hilo egemeo liwe na tumbo, mviringo wake ubane kuliko mbonyeo wa kiuno. Seremala wa samani hajazoea jambo hili kwa sababu kazi zake nyingi zina kingo zilizonyooka.

Pembe ya ndani ya mfereji nayo itazame vizuri. Pale ndipo gundi ya zamani, ile iliyounganisha mbavu na uso, hubaki kama ukoko. Ukoko wa nusu milimita unatosha kuukalisha ukanda nje. Usafishe kwa patasi ndogo iliyonolewa kweli kweli, kisha pitisha kipande kifupi cha mpingo uliobaki, sentimita 5 hivi, kwenye mfereji mzima. Kinapokwama au kutikisika, hapo bado. Mimi siruhusu mtu karakanani kwangu afungue gundi kabla kipande hicho hakijazunguka gitaa lote.

Sasa kunyofoka kwa nyuzi. Sprusi ni laini, na nyuzi zake zimenyooka kutoka mkiani kwenda shingoni. Wembe hupenda kufuata uzi. Ukikata kutoka kiunoni kuelekea panapotanuka, uzi unauvuta wembe kuingia ndani ya uso, na hapo ndipo uso wako uliponyofoka. Ukikata kutoka panapotanuka kuelekea kiunoni, au kutoka panapotanuka kuelekea mkiani na shingoni, uzi unauvuta wembe kwenda nje, kwenye mbao ambayo hata hivyo unaiondoa. Kwa hiyo kila mara anzia kwenye upana, shuka kwenye wembamba. Pitisha wembe mara nyingi kwa mkono mwepesi mpaka mstari uwe na kina, ndipo patasi iingie. Patasi ikitangulia wembe, sprusi haikusamehi.

Weusi una dawa yake, nayo hupakwa kabla ya kubandika. Mpingo ni mti mzito unaozama majini, na vumbi lake ni laini na lina rangi. Ukipiga msasa, vumbi hilo linajipenyeza kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe na halitoki. Paka shelaki (aina ya vanishi) nyepesi iliyoyeyushwa kwa spiriti kwenye uso wote karibu na ukingo na kwenye uzi mweupe, ikauke, ndipo ufanye kazi. Na wakati wa kusawazisha, usitumie msasa mwanzoni. Tumia bapa la chuma la kukwangulia, ukikwangua kutoka usoni kwenda nje ili maganda yaangukie upande wa mbavu. Jihadhari pia na kitambaa chenye spiriti: spiriti huyeyusha rangi ya mpingo, na ukikivuta kutoka kwenye ukanda kuja usoni utachora mchirizi mweusi kwa mkono wako mwenyewe. Weusi ulioingia tayari, ukwangue taratibu. Kama haujazama utaisha kabla hujala mbao nyingi. Kama umezama, ng'oa uzi huo mweupe peke yake na uweke mwingine.

Kuhusu kupinda, bomba la chuma na jiko la mkaa vinatosha. Bomba liwe la moto kiasi kwamba tone la maji likiangukia linarukaruka badala ya kutulia na kuchemka. Lowesha ukanda kidogo, uulaze juu ya bomba, uusukume bila pupa; utausikia unalegea mkononi, na hapo ndipo unapopinda. Ukipinda kabla ya kulegea, unavunja. Kiuno kipinde zaidi kidogo kuliko kiuno cha gitaa lenyewe. Sababu yake ni kwamba ukanda ukiwa umezidi kupinda, katikati ya kiuno hugusa kwanza, na pande mbili zilizobaki nje ni rahisi kuzivuta kwa utepe. Ukiwa haujapinda vya kutosha, katikati ndipo panapobaki wazi, na hakuna utepe utakaoweza kuuvuta kuingia shimoni.

Vipande vyako vya sentimita 50 havitoshi upande mmoja, maana kutoka mkiani hadi shingoni kwa gitaa kubwa ni karibu sentimita 80. Viunge kwa mshazari mrefu, angalau mara nane ya unene, yaani milimita 16 au zaidi. Kwenye mpingo kiungo cha namna hiyo hakionekani. Lakini pinda kila kipande peke yake kwanza, kisha vikutane ndani ya mfereji siku ya kubandika, kwa sababu gundi nyeupe ya mbao hulegea kwenye joto na kiungo kitaachia juu ya bomba. Wala kiungo kisikae kiunoni. Kiweke kwenye ule mzingo mpana wa chini, ambako mbao haijalazimishwa sana.

Kisha kubandika. Ulianza ncha mbili ukamalizia kiunoni, ukawa umejifungia mlango: ukanda ulikuwa mfupi kwa unene wa karatasi chache na haukuwa na pa kupata nyongeza. Anzia mkiani, fuata upana wa chini sentimita kwa sentimita, fika kiunoni, kaza hapo mpaka uone gundi inatoka nje kote, ndipo uendelee juu. Ziada yoyote itaishia shingoni, ambako ubao wa vidole utaifunika usoni na kisigino cha shingo kitaifunika mgongoni. Utepe wa karatasi wa wapaka rangi unafaa, kipande kwa kila sentimita mbili au tatu. Juu yake mimi huzungusha mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa ugwe mrefu. Mpira una kasoro moja, kiunoni unapita hewani kutoka tumbo hadi tumbo bila kugusa. Chonga kipande cha mbao laini chenye umbo la kiuno, kiweke pale, mpira upite juu yake. Hapo ndipo nguvu yote inapoingia kwenye kiuno.

Uache mpaka kesho yake. Maji ya gundi huvimbisha mbao, na ukikwangua ikiwa bado imevimba, baada ya siku chache ukanda utazama chini ya uso. Utepe ung'oe polepole, umelala chini karibu na mbao, ukivuta kuelekea nje ya gitaa. Ukivuta juu kwa haraka utabeba nyuzi za sprusi nao.

Na ule mwanya ulionao? Kama ungekuwa wa unywele, upande wa mbavu, ningekwambia uchanganye vumbi la mpingo na gundi uujaze, ukauke, ukwangue. Lakini kadi ya simu ni mwanya mkubwa, na uko kando ya uzi mweupe ambako jazo lolote litaonekana. Chukua pasi ya moto wa kadiri na kitambaa chenye unyevu, pasha ukanda kuanzia kiunoni kwenda shingoni tu, ingiza kisu chembamba kisichokata nyuma ya joto, uuachie. Sehemu ya mkiani usiiguse. Safisha mfereji, pinda upya kiuno, urudishe ukielekea shingoni. Ncha ya juu ikipungua milimita chache, ongeza kipande pale pale chini ya ubao wa vidole.


SWALI: Assalaam alaykum fundi. Gitaa langu la zamani la kununua lina ukanda wa rangi ya pembe. Tangu nihamie Muscat ukanda umejitenga kiunoni pande zote mbili, umevutika kama uzi wa upinde. Je, mbao imekufa? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Waalaykum salaam. Mbao haijafa. Kanda nyingi za magitaa ya zamani ni za seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, na seluloidi husinyaa kadiri miaka inavyopita. Ikisinyaa inakuwa fupi, na kitu kifupi kilichozunguka umbo lenye kiuno hutafuta njia ya mkato, kwa hiyo huachia pale palipobonyea. Kiyoyozi kinachokausha hewa ya chumba kinasinyaza mbao pia na kuzidisha vuta nikuvute hiyo, lakini ukanda wenyewe ungeachia siku moja hata ungekaa Tanga.

Usiulazimishe urudi kwa kuubana, kwani unaweza kukatika au kubeba kipande cha uso. Fundi auachie kuanzia kiunoni hadi karibu na shingo, ausogeze wote ukae vizuri, aubandike upya, kisha pengo litakalobaki juu alijaze kwa kipande kidogo cha rangi hiyo hiyo. Nakuomba sana jambo moja: mtu yeyote asiusogelee kwa moto wala kwa kipuliza joto. Seluloidi hushika moto haraka mno. Asetoni nayo huyeyusha seluloidi, jambo linalosaidia kutengeneza jazo kutokana na mabaki ya ukanda, lakini huharibu vanishi ya gitaa ikidondoka. Apewe kazi hiyo mtu mwenye mkono uliotulia.


SWALI: Habari fundi. Je, ukanda unabadilisha sauti? Kama ni urembo tu, kwa nini nisiache gitaa langu bila ukanda? (Mwanafunzi wa muziki, Nairobi)

JIBU: Nzuri, dada. Sauti huitafuti kwenye ukanda. Antonio de Torres, fundi Mhispania aliyefariki mwaka 1892 na ambaye umbo la magitaa ya leo ya nyuzi za nailoni linatokana kwa sehemu kubwa na kazi yake, alitengeneza mwaka 1862 gitaa lenye mgongo na mbavu za kadibodi ili aonyeshe kwamba uso ndio unaoimba. Ukanda hauna nafasi kubwa katika hilo.

Lakini si urembo tu. Ukingoni mwa gitaa ndipo ncha za nyuzi za mbao zinapokuwa wazi, na ncha ndiyo inayonywa unyevu na kuutoa haraka kuliko sehemu nyingine yoyote ya mbao. Pia ndipo gitaa linapogongwa na meza, mlango na ngoma ya mwenzako. Kanga isiyopindwa huanza kuchanika pembeni. Uso wa sprusi nao huanza kupasuka ukingoni. Mbao ngumu ya milimita 2 inapokea kipigo badala yake, na ikiumia inabadilishwa bila kugusa uso. Yapo magitaa mazuri yasiyo na ukanda, yenye kingo zilizoviringwa na kupakwa vanishi vizuri. Ukiamua hivyo, nisingekukataza. Ila kwa gitaa litakalosafiri kwenye matatu kila wiki, mimi ningeweka.


SWALI: Fundi, gitaa langu lina ukanda na ubao wa vidole wa mpingo. Naenda nalo Ujerumani. Nitasumbuliwa? (Mpiga gitaa, Mombasa)

JIBU: Mpingo na karibu ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2, 2017, na kwa muda wanamuziki walipata taabu kweli. Tangu Novemba 26, 2019, vyombo vya muziki vilivyokamilika, pamoja na sehemu zake zilizokamilika, vimeondolewa kwenye masharti ya vibali kwa mpingo. Gitaa lako ni chombo kilichokamilika. Ila usichanganye gitaa na mbao: kama unampelekea rafiki fundi vipande vya mpingo ambavyo havijatengenezwa, hiyo ni habari nyingine, na vibali uviulizie kwa mamlaka zinazohusika kabla ya kufunga begi. Kwa wasomaji walioko Tanzania, waulizeni Wakala wa Huduma za Misitu, na mnapomnunulia mchongaji vipande, mwombeni risiti.