Jibu: Kununua kamba mawe wa hoteli kwa haki

Dada, umeuliza hoteli yenu ya Shela, Lamu, inunueje samaki na kamba mawe (kamba wakubwa wa miambani, yaani lobster) kwa haki, ilhali bosi anatazama bei tu. Anzeni na malipo: pimeni mbele ya mvuvi, mlipe siku hiyohiyo. Mkimzungusha wiki mbili atarudi kwa tajiri anayemkopesha nyavu, na masharti yenu yatakuwa karatasi tupu. Kamba mawe mpokeeni hai, mumgeuze tumbo juu mumkague. Mwenye mayai arudishwe baharini. Samaki mwenye tundu la mshale mkataeni, bunduki za kuvulia zinazorusha mishale zimepigwa marufuku Kenya tangu 2001. Risiti ioneshe mvuvi, diko (mahali samaki wanaposhushwa), zana na uzito. Anayepokea asiwe ndiye anayelipa (hasa akiwa shemeji yake mvuvi!). Leseni ulizeni BMU (Beach Management Unit), kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Mkataba wa mwaka, muulizeni wakili.