Kabla hujaingiza hata Panadol moja, mwambie akutolee data

Mkuu, usimlipe huyo jamaa anayetaka kukufungia mfumo wa kompyuta dukani. Kama hiyo milioni mbili ya kianzio bado iko kwenye simu, iache huko huko ilale.

Nimesoma uzi wote. Una duka la dawa Tegeta, unafungua la pili Bunju, unauliza uchukue mfumo wa programu huria (opensosi, ile ambayo maandishi yanayoiunda yako wazi kwa yeyote) au wa kampuni kubwa wa kulipia kila mwezi, kompyuta gani inafaa kaunta, na kama ni kweli makampuni makubwa yanaua programu huria siku hizi. Wadau wamekujibu kurasa nne, timu Linux ya programu huria na timu Microsoft ya kulipia, kama Simba na Yanga, na hakuna aliyeigusa sentensi yako ya mwisho: "Jamaa amenihakikishia ni opensosi, kwa hiyo hata tukikosana mfumo unabaki wangu."

Hapo niliweka kikombe cha chai chini. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, mwaka 2021, Gerezani, nikiwa nimesimama mbele ya kaunta yangu ya spea. Nikayaamini, na yakanila.

Kijana alikuja mtanashati, laptopu ina stika ya pengwini, nembo ya Linux. Akaniambia, "Boss, hii haina mwenyewe. Ni ya dunia nzima. Mimi hata nikifa kesho, fundi yeyote anaendelea nayo." Nikavutiwa. Usiku nikaingia jukwaani nikauliza kama ulivyouliza wewe. Mtaalamu mmoja wa humu, sijui bado yupo au alishabadili ID, akanijibu mstari mmoja: "Opensosi tu mkuu, huwezi kufungwa." Likes thelathini na kitu. Zile likes ndizo zilizosaini mkataba, mimi nilishika kalamu tu.

Nikatoa 3,800,000 ya kufungiwa mfumo, na 150,000 kila mwezi aliyoiita "ya seva". Sikuuliza seva, yaani kompyuta inayobeba mfumo, iko wapi. Nilidhani seva ni kama mita ya maji, ipo tu mahali. Kwenye mkataba kulikuwa na maneno "sosi kodi", yaani msimbo, yale maandishi yanayoiunda programu, mhasibu wangu akaniuliza kwa upole hiyo kodi inalipwa TRA au halmashauri. Mnaocheka, chekeni. Yule mama ndiye pekee katika kikao kile aliyeuliza swali.

Miezi kumi na sita mfumo ulienda vizuri, siwezi kumsingizia mtu. Ulihesabu mzigo, ulitoa ankara, ulitunza madeni ya mafundi. Na biashara ya spea ni madeni, mkuu. Fundi anachukua shokapu asubuhi, mwenye gari analipa jioni, fundi anakulipa wewe siku Mungu akipenda. Zamani nilikuwa na kaunta buku, naandika jina na mstari, akilipa nakata. Mfumo ulipozoeleka nikaliacha lile daftari. Kwa kweli sikuliacha, nilimpa mpwa wangu achoree hesabu za shule. Lilikuwa na kurasa nyingi tupu, nikaona ni kubana matumizi.

Kijana hakufa kesho yake kama alivyoahidi. Alipandisha bei. Kutoka 150,000 ikawa 450,000, kisa gharama zimepanda. Nikakataa, tukajibizana kwenye WhatsApp wiki nzima, nikamtumia na zile emoji za hasira ambazo sikujua kama ninazo. Jumatatu nikafungua duka, kioo kinasema: "Akaunti yako imesitishwa. Wasiliana na mtoa huduma."

Wa kwanza kuingia alikuwa fundi mmoja wa Buguruni, ana deni langu la kama laki sita. Nikamkumbusha. Akashangaa: "Boss, mbona nililipa wiki iliyopita? Angalia kwenye kompyuta." Akainama akaja upande wangu, tukawa tunaangalia kioo wote wawili, tunasoma ule mstari mmoja. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi ikiwaka utaona." Akaondoka na plagi nne, za mkopo.

Habari zilisafiri. Gerezani habari haisubiri mwendokasi. Kufika Ijumaa mafundi wote walikuwa "wamelipa". Nilikuwa nadai kama milioni kumi na moja. Nilizopata hazikufika nne, na waliozileta ni wale wenye hofu ya Mungu, nawaombea magari mabovu mengi.

Nikampelekea mpwa wangu habari, wakati huo yuko chuo mwaka wa kwanza. Akatafuta, akaniambia: mjomba, hiyo programu aliyotumia ni ya leseni ya GPL, sheria yake inasema akikupa programu lazima akupe na msimbo wake. Nikafurahi kama nimeshinda kesi. Tukaichapa leseni yote, tukaibana na stepla, tukapanda daladala hadi ofisini kwake Sinza. Nikaiweka mezani.

Hakuifungua hata. Akasema, "Mzee, GPL inasema nikikugawia programu. Mimi sijakugawia kitu. Programu iko kwenye seva yangu, wewe unaitazama tu kwenye kivinjari."

Na alikuwa sahihi. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Ukiibadilisha programu ya GPL ukaiweka kwenye seva yako mwenyewe, watu wakaitumia kupitia mtandao, kisheria hujamgawia mtu nakala, kwa hiyo hudaiwi msimbo. Tundu hilo lilijulikana zamani, ndiyo maana mwaka 2007 ikatoka AGPL, inayomlazimisha hata wa kwenye seva awape watumiaji wake msimbo alioubadilisha. Programu yangu haikuwa ya AGPL. Mpwa wangu aliangalia chini njia nzima kurudi, nikamnunulia mahindi ya kuchoma pale Ubungo ili asijisikie vibaya. Nililipa mimi, kama kawaida.

Halafu baada ya siku kadhaa nikagundua kwamba hata angenipa ule msimbo, nisingepona. Msimbo si kitu changu kilichopotea, upo mtandaoni, mtu yeyote anaushusha. Nilichopoteza ni majina ya mafundi, bei nilizonunulia, nani kalipa lini. Nilikwenda Sinza kudai sufuria, wakati changu kilikuwa ubwabwa. Leseni yoyote unayoisikia humu, GPL, MIT, Apache, zote zinaongelea sufuria.

Ubwabwa wenyewe nilikuja kuununua. Ndiyo, nilinunua data zangu mwenyewe, 2,000,000 taslimu, akaniambia atanipa "bakapu kamili". Akanipa flashi. Ndani kuna faili moja la PDF, kurasa 612. Ripoti ya mzigo. Safu ya jina la bidhaa ilikuwa nyembamba, kwa hiyo majina yamekatwa njiani: BREKI PEDI TOYOTA, BREKI PEDI TOYOTA, BREKI PEDI TOYOTA, ukurasa mzima. Toyota ipi? Noah? Nadia? IST? Hiace? Bei ya pedi za Hiace na za IST uliza mtu yeyote mwenye akili. Madeni hayakuwemo kabisa, akasema hiyo ni "moduli nyingine".

Tukafunga duka usiku nne, mimi, mke wangu na mpwa, tunahesabu kimoja kimoja kwa tochi ya simu umeme ukikatika. Beringi unasoma namba yake pembeni, zile herufi ndogo za kuchongwa, huku vidole vimejaa grisi. Mke wangu tangu siku ile, ile kompyuta anaiita mke mwenza.

Sasa sikiliza, mkuu. Kabla hujaingiza hata Panadol moja kwenye huo mfumo, mwambie jamaa akutolee data. Ingiza dawa kumi za majaribio, wateja wawili, mmoja kalipa nusu. Kisha mwambie: nipe nakala kamili ya kanzidata, yaani ghala lenyewe la data. Si PDF, si Excel ya ripoti. Ile Excel ni picha ya data, haikuonyeshi malipo gani yameua ankara gani. Unataka faili lenyewe la kanzidata, iwe PostgreSQL au MariaDB au chochote anachotumia, pamoja na programu kama ilivyo kwake, na yale mabadiliko aliyoyafanya yeye. Lichukue, mpelekee fundi mwingine asiyemjua huyu, kwenye kompyuta nyingine, mtaa mwingine kabisa. Aisimike. Ukiona yule mteja wako wa majaribio ametokea na nusu yake anayodaiwa, rudi ulipe kianzio. Asipotokea, umeokoa milioni mbili na umetumia pesa ya soda.

Atakuambia haihitajiki. Atakuambia inachukua muda. Wa kwangu aliniambia "usijali boss, data ziko salama". Zilikuwa salama kweli, hata mimi sikuzifikia.

Na nyie mnaobishana makampuni makubwa yanaua au hayaui, mnapiga kelele pembeni ya jambo lile lile. CentOS 8, mfumo huria wa kuendeshea seva, watu waliahidiwa ingetunzwa hadi 2029. Desemba 2020 Red Hat, kampuni iliyokuwa inaitunza na ambayo tangu 2019 iko chini ya IBM, wakatangaza inaisha mwisho wa 2021. Mwaka mmoja, fungasha. Na hiyo haikuwa kampuni ya chumba kimoja Sinza. Lakini mbona walioitumia hawakulala njaa? Kwa sababu seva zilikuwa zao, data zao, na msimbo uko wazi, watu wakatengeneza AlmaLinux na Rocky Linux wakahamia. Elastic, wa programu ya kutafutia data, walibadilisha leseni 2021, Amazon wakachukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaanzisha OpenSearch. HashiCorp Agosti 2023 wakaifungia leseni Terraform, programu yao ya kupanga seva, ikazaliwa OpenTofu. Redis, ya kuhifadhi data kwa kasi, ikafungiwa leseni Machi 2024, mwezi huo huo ikaja Valkey. Elastic 2024 na Redis 2025 wakaongeza AGPL, wamerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Kila mara aliyekuwa na nakala mkononi alihama na vyombo vyake. Kama Redis yake ingekuwa kwa kijana wa stika ya pengwini, angehamia wapi, na nini?

Kwa hiyo yule anayesema "chukua ya kampuni kubwa ndiyo salama" na yule anayesema "opensosi tu", mimi nawaweka daladala moja. Mwenye kampuni kubwa naye mwambie akutolee data siku ya kwanza. Swali ni lile lile.

Kitu kingine kinachonikera, na hapa sitaji mtu, hii tabia ya kusema huria maana yake bure. Kina Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, wamechoka kueleza tangu miaka ya themanini. Mwingereza ana udhuru, lugha yake ina neno moja, "free", kwa vitu vyote viwili. Sisi tuna huru na tuna bure, maneno mawili tofauti kabisa, hata mtoto hachanganyi, na bado tunapigwa. Sina ugomvi na kijana kutoza pesa. Fundi ale. Hata ile 450,000 pengine ilikuwa haki yake, seva zinalipiwa kwa dola na dola mnaijua. Ugomvi wangu ni kunifungia mlango halafu kuniuzia ufunguo.

Leo bado natumia programu huria, msije mkasema nimegeuka. Inakaa kwenye kompyuta ndogo chini ya kaunta, nyuma ya katoni za oili. Kila jioni nakala inaingia kwenye flashi, mpwa anaondoka nayo Mbagala. Jumapili ya kwanza ya mwezi anaisimika kwenye laptopu kuukuu tuangalie kama inawaka. Mara moja haikuwaka, flashi ilikuwa mbovu, tukanunua nyingine ya elfu kumi na tano, na huo ndio msiba wote tulioupata. Kaunta buku nalo limerudi, nimeambiwa nyumbani kwamba halijadiliwi.

Wewe tena una mzigo kuliko mimi. Mimi nikipoteza data, watu wanajua nani anadaiwa pedi. Wewe utakuwa na majina ya watu na dawa wanazotumia, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Muulize jamaa seva iko wapi na nani mwingine ana nywila. Mimi nywila ya msimamizi nilikuja kuijua baadaye: ilikuwa jina la duka langu na 123. Alikuwa anaijua yeye, na mdogo wake, na nadhani na mpenzi wa mdogo wake.

Mpigie leo hii. Mwambie unataka kesho asubuhi akupe nakala ya majaribio uipeleke kwa fundi mwingine, halafu nyamaza umsikilize. Akicheka, rudi hapa uniambie alichekaje. Wa kwangu alicheka kidogo puani, akasema "mzee bana".