Maswali ya wasomaji: Riwaya za Eryue He

SWALI: Nimeona jina Eryue He kwenye riwaya za wafalme wa China. Ni jina la mtu kweli? Nianze na kitabu kipi, na je, naweza kuzitegemea ninaposoma historia ya nasaba ya Qing?

JIBU: Ni jina la uandishi. Mwenyewe aliitwa Ling Jiefang, mzaliwa wa Xiyang, jimbo la Shanxi, mwaka 1945. Maana ya Eryue He ni "mto wa mwezi wa pili", yaani Mto Manjano unapoanza kuyeyusha barafu. Fumbo limo kwenye jina lake la kuzaliwa: Ling ni barafu, Jiefang ni kufunguliwa. Barafu ikifunguliwa, mto unatiririka. Wanaodhani alichagua jina hilo kwa sababu alizaliwa Februari wamekosea.

Aliingia jeshini 1968, akatoka 1978 na kuhamia Nanyang, jimbo la Henan. Kwanza alijishughulisha na uhakiki wa riwaya ya kale, Hong Lou Meng, kisha akageukia Qing. Alifariki Beijing, Desemba 2018.

Juzuu zake kuhusu wafalme watatu wa Qing waliofuatana ni 13: Kangxi 4, Yongzheng 3, Qianlong 6. Ukifuata mfululizo utaanza na Kangxi, lakini kwa maoni yetu Yongzheng ndiyo iliyoshikana vizuri zaidi. Qianlong inarefuka mno. Hata hivyo, ukiruka Kangxi utapotea katikati ya ugomvi wa wana wa mfalme, maana mizizi yake imo humo.

Kuhusu historia, tahadhari. Miaka ya utawala na vita vikubwa ni vya kweli; mapenzi ndiyo yanayopotosha. Sumalagu, anayechorwa kama msichana mpendwa, kihalisia alikuwa mtumishi wa bibi yake Kangxi, mama mzaa baba, na karibu rika la bibi huyo. Wu Ciyou anayempenda ni wa kubuni. Yongzheng naye riwayani anajiua baada ya kugundua kwamba mwanamke aliyempenda ni binti yake mwenyewe. Hilo halina ushahidi wowote. Kinachojulikana ni kwamba alifariki ghafla mwaka 1735 katika kasri la Yuanmingyuan. Tamthilia ya televisheni ya 1999 iliyotokana na kitabu hiki ilimfisha kwa uchovu wa kazi, kwa hiyo aliyeitazama kwanza hushtuka afikapo kurasa za mwisho.