Seva mbili za KMS katika mtandao mmoja: maswali na majibu

Je, inaruhusiwa kuwa na seva zaidi ya moja ya KMS (huduma ya Microsoft inayoamilisha Windows na Office za taasisi ndani ya mtandao wake)?

Inaruhusiwa. Ufunguo mmoja wa KMS huweza kutumika kwenye seva hadi 6. Hata hivyo, kwa mtandao mdogo naona moja inatosha, kwa kuwa kompyuta iliyokwisha kuamilishwa hudumu siku 180 na hujaribu kuhuisha leseni yake kila baada ya siku 7, hivyo seva ikizimika kwa siku kadhaa watumiaji hawaathiriki.

Tuna kompyuta 30 na seva mbili, lakini Windows inagoma kuamilishwa. Kwa nini?

Kwa sababu seva hizo hazipeani hesabu. Kila moja huhesabu kompyuta zilizoiendea yenyewe tu, na haiamilishi Windows ya kompyuta za watumiaji mpaka hesabu yake ifike 25. Kwa Windows Server na Office kiwango ni 5. Kompyuta zenu zikigawanyika 16 huku na 14 kule, seva zote mbili zitabaki chini ya kiwango ingawa jumla inatosha. Andikeni slmgr.vbs /dlv (amri ya Windows ya kusimamia leseni) kwenye kila seva mwone hesabu ya sasa. Ikiwa imekwama kwenye 1 au 2, chunguzeni pia kama kompyuta zilinakiliwa kutoka diski moja bila kupitishwa kwenye sysprep /generalize (amri ya Windows inayofuta utambulisho wa kompyuta kabla ya kunakiliwa), kwani zitakuwa na kitambulisho kimoja na kuhesabiwa kama kompyuta moja. Ushauri wangu ni kuiondoa seva moja.

Seva ya pili haionekani katika DNS (mfumo ambao kompyuta hutumia kutafuta seva mtandaoni).

Rekodi ya SRV iitwayo _vlmcs._tcp, ambayo huelekeza kompyuta kwenye seva ya KMS, huundwa na seva ya kwanza, na kwa ruhusa za kawaida seva nyingine haiwezi kuihariri. Undeni kikundi katika Active Directory (mfumo wa Windows wa kusimamia kompyuta na ruhusa za mtandao), mwingize seva zote za KMS humo, kisha mkipe kikundi hicho ruhusa juu ya rekodi hiyo. Poti ya TCP 1688, ambayo kompyuta hupitia kuifikia seva, nayo iwe wazi.

Tumeondoa seva ya zamani, lakini baadhi ya kompyuta bado zinaitafuta.

Futeni kwanza rekodi yake katika DNS kwa mkono. Kompyuta zilizoelekezwa kwake kwa amri ya slmgr.vbs /skms haziulizi DNS kabisa. Hizo ziendesheeni slmgr.vbs /ckms ili kufuta maelekezo hayo, kisha slmgr.vbs /ato ili kuziamilisha.