Jua la Kigoma linachelewa: kwa wanaoanza biashara ya dagaa

Mdogo wangu uliyeshuka juzi kwenye treni na mtaji wa dagaa mfukoni, kwanza futa kwenye simu ile ratiba ya swala uliyotoka nayo Dar es Salaam. Saa ni zilezile, ila jua la Kigoma linachelewa dakika 38 hivi. Huku Alfajiri huingia kuanzia saa 11 na dakika 20 hivi hadi karibu saa 12, kutegemea mwezi, na Isha saa 2 mpaka 2 na nusu usiku. Mimi wiki za mwanzo niliamka kwa ratiba ya pwani, nikaswali wakati haujaingia, nikakaa kitandani kukodoa macho. Swala ikabidi niirudie, na usingizi ndio ulishaniponyoka.

Ukishajua hilo, usiku wa huku unatosha. Kula mapema, swali Isha, saa 3 na nusu uwe umelala. Ukiamka saa 11 na nusu umepata saa 8, na mtu mzima anatakiwa asipungukiwe na 7. Wanaolalamika kwamba Alfajiri inawamaliza, wafuate kijiweni saa 5 usiku, utawakuta wanabishana mpira. Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na kupiga soga baada yake.

Kibirizi, mwalo wetu wa kushushia dagaa hapa Kigoma, mitumbwi hurudi alfajiri hiyohiyo, muadhini akiwa kwenye "asswalatu khairun minannaum", yaani swala ni bora kuliko usingizi. Tia udhu nyumbani, beba mkeka, swali palepale mwaloni. Rakaa mbili hazijawahi kunikosesha mzigo.

Hatari iko mchana. Dagaa umeshaanika, jua kali, macho mazito. Masika moja nilijinyoosha baada ya Adhuhuri, "dakika kumi tu", bila wa kuniamsha. Nilishtushwa na mvua kwenye bati. Nilipofika, dagaa wangu walikuwa wameshikana na mchanga kama uji uliomwagika. Nikawauza kwa wafuga kuku kwa bei ya kunitia aibu. Tangu hapo kailula yangu, yaani usingizi mfupi wa mchana, ni kabla ya Adhuhuri. Huku huadhiniwa karibu saa 7, kwa hiyo najilaza saa 6 na nusu, adhana ndiyo inaniamsha. Nusu saa inatosha. Ukizidisha unaamka kichwa kizito kuliko ulivyolala. Mawingu yakitanda, silali kabisa.

Halafu kuna mwezi. Wavuvi wanafuata giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti dagaa, na mwalo unapoa kwa siku kadhaa. Wageni wengi hukesha siku hizo kwa kuwa hakuna kazi, giza likirudi miili imeshazoea kulala saa 7 usiku. Mimi nalala saa ileile. Nikitaka tahajudi, swala ya sunna ya usiku, naiweka siku hizo, saa 10 na nusu, kwa sababu kukipambazuka hakuna mtumbwi wa kukimbilia.